Anza na "mara ya mwisho": maswali ya kuuliza kabla hujalipa kodi ya nyumba Mtwara

Ukimuuliza mwenye nyumba kama maji yapo, atakujibu yapo. Umeme upo, ulinzi upo, majirani watu wema. Wala si lazima awe anadanganya. Bomba lipo uani, na siku hiyo uliyokwenda huenda kweli linatoa. Kazi yangu ni kusimamia nyumba za kupangisha hapa Mtwara mjini kwa niaba ya wenye nyumba wanaoishi mbali, na wapangaji wanaonijia na malalamiko mwezi wa pili, karibu wote waliuliza maswali ya "ipo, haipo". Mimi humshauri mtu aanze swali na "mara ya mwisho". Mara ya mwisho maji yalikatika lini, na mlichota wapi? Mara ya mwisho shimo la choo lilijaa lini, na nani alilipa gari la kunyonya? Swali la namna hiyo halijibiwi kwa neno moja. Inabidi mtu akumbuke tukio, na akishaanza kusimulia tukio anakueleza nyumba yenyewe ilivyo.

Tena ni swali lenye adabu. Mzee wa watu hujamtilia shaka. "Shikamoo mama. Nyumba nimeipenda. Hivi mara ya mwisho maji yalipokatika mlikaa siku ngapi?" Hakuna wa kununa hapo. Kisha, ukitoka, msalimie mpangaji anayefua uani na umuulize swali lile lile. Mama mwenye nyumba akikwambia siku mbili na mpangaji akakwambia wiki mbili, umeshapata jibu lako bila kugombana na mtu.

Umeme ndipo watu wanapoumia zaidi, na wengi hawajui wanaumia wapi. Kwa hiyo nitakaa hapo kidogo.

Kwa bei za TANESCO, shirika la umeme, zilizozoeleka, mita ya nyumbani inayotumia uniti zisizozidi 75 kwa mwezi iko kundi la D1, na uniti moja ni shilingi 100. Ukijumlisha VAT ya asilimia 18, tozo ya REA (umeme vijijini) asilimia 3 na ya EWURA (mdhibiti wa nishati na maji) asilimia 1, inafika 122. Mita ya matumizi ya kawaida, T1, uniti ni 292, na pamoja na makato hayo inafika takriban 356. Ndiyo maana mwenzako ananunua umeme wa 10,000 anapata karibu uniti 82, wewe unapata 28, na nyote mna taa na feni tu.

Sasa chukua nyumba yenye wapangaji wanne wanaotumia LUKU moja, yaani mita moja ya kulipia kabla. Kila mmoja anatumia uniti 30 kwa mwezi, matumizi madogo kabisa. Jumla ni 120, kwa hiyo mita haiwezi kukaa D1. Kila familia ingekuwa na mita yake, uniti 30 zingegharimu 3,660. Kwa mita ya pamoja ni karibu 10,700. Hakuna aliyeiba. Ni mpangilio wa nyumba tu, na unaulipia kila mwezi mpaka utakapohama. Kwa hiyo swali la kwanza ni kama chumba kina mita yake ya TANESCO. La pili, kama kina submita, yaani mita ndogo aliyoiweka mwenye nyumba, uniti moja mnatozana shilingi ngapi? Ikiwa karibu na 356, mwenye nyumba anarudisha gharama yake. Ikiwa 500, anafanya biashara ya umeme, na wewe unayo haki ya kusema bei hiyo huiwezi. Na kama hakuna mita wala submita, mnachanga tu kwa vichwa, uliza nani ana friji, nani anapiga pasi nguo za biashara, nani anapikia jiko la umeme. Mwalimu mmoja niliyemtafutia chumba Chuno aliniambia ugomvi wote wa nyumba aliyotoka ulianzia kwenye mchango wa LUKU, na mimi namwamini, kwa sababu malalamiko ya aina hiyo nayapokea kila msimu.

Mita ikiwa yako, usiondoke bila kuijaribu. Omba kizimwe kila kitu ndani ya chumba, kisha kaangalie ile taa nyekundu ya mita inayopepesa. Ikiendelea kupepesa, kuna kitu nje ya chumba chako kinachokula umeme wako: taa ya geti, taa za korido, au pampu ya kupandisha maji kwenye simtanki la nyumba nzima. Pampu ndiyo huwa nakuta mara nyingi. Mwenye nyumba wala hakumbuki fundi aliiunganisha wapi. Mpangaji wa chumba cha mbele anaona umeme hauishi kuisha, naye hajui kwamba anawapandishia maji majirani watano.

Halafu kuna kodi ya jengo. Tangu Julai 2021 inakatwa kwenye LUKU, na kuanzia 2023 ni shilingi 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na 7,500 kwa kila sakafu kwa nyumba ya ghorofa. Kodi hii ni ya mwenye jengo. Lakini anayenunua umeme ni wewe, kwa hiyo inatoka mfukoni mwako: ukinunua umeme wa 10,000 mara ya kwanza katika mwezi, 1,500 inakwenda huko na unabaki na umeme wa 8,500, kama uniti 24 kwa bei ya T1. Kwa mwaka ni 18,000. Muulize mwenye nyumba mapema: tunaipunguza kwenye pango, au vipi? Wengi wenye utu hukubali wakiulizwa kabla ya kusaini. Wakiulizwa baada ya miezi minane, huona unatafuta sababu.

Maji. Hapa Mtwara utaambiwa kuna maji ya MTUWASA, mamlaka ya maji ya mji, au kuna kisima, au vyote. Kwa maji ya bomba, omba kuona bili ya mwisho. Itakuonyesha mambo mawili kwa mkupuo: matumizi ya nyumba nzima kwa uniti, ambapo uniti moja ni lita 1,000, na kama kuna deni. Deni la mpangaji aliyehama halifutiki kwa sababu wewe umehamia; bomba likikatwa linakatwa kwa wote. Kwa kisima, onja. Visima vingi vya mitaa iliyo karibu na bahari vina chumvi, na mtu aliyezaliwa nayo haisikii tena, kwa hiyo atakwambia kwa dhati kabisa kwamba maji ni matamu. Chukua kidogo kiganjani, sugua sabuni. Povu likigoma kutoka, hesabu kwamba maji ya kunywa na ya kupikia utayanunua kwa madumu, na uingize gharama hiyo kwenye kodi unapolinganisha nyumba mbili. Angalia pia kisima kiko hatua ngapi kutoka shimo la choo. Sihitaji kueleza zaidi.

Shimo lenyewe: nani analipa likijaa? Kwenye nyumba yenye wapangaji sita, mchango wa gari la maji taka usipoandikwa, anayeishi karibu na shimo ndiye anayelipa, maana ndiye harufu inayomshinda.

Jingine ambalo mgeni wa kusini huenda asilifikirie ni upepo. Tuna kusi katikati ya mwaka na kaskazi kuanzia Novemba hivi mpaka Machi. Chumba kilichofunguka upande mmoja tu, dirisha likitazama ukuta wa jirani, mwezi wa saba utakiona kizuri kwa sababu kusi inapoza mji mzima. Januari hutalala humo bila feni usiku kucha, na feni ni LUKU. Simama katikati ya chumba, fungua mlango na dirisha, usikilize kama hewa inapita. Uliza kama ukuta wa kichwani kwa kitanda unatazama magharibi. Ukuta wa tofali za saruji ukipigwa na jua la mchana mpaka machweo unatoa joto mpaka saa tano usiku.

Shangani nyumba zina nafasi na upepo wa bahari, na kodi yake inalingana na hilo. Lakini upepo ule ule unabeba chumvi. Shika gril za madirisha, tazama misumari ya bati na boksi la nje la kiyoyozi. Kutu ikiwa imeshakula, muulize mwenye nyumba mara ya mwisho gril zilipakwa rangi lini na kiyoyozi kilifanyiwa huduma lini, kwa sababu kiyoyozi cha zamani pwani kinaharibika, na mikataba mingi inasema kila kilichomo ndani kinatunzwa na mpangaji. Apatimenti nyingi hapa zilijengwa watu walipokuwa na matumaini makubwa ya gesi, wakati bomba la kwenda Dar es Salaam likijengwa mpaka likakamilika mwaka 2015. Zinapendeza kwa nje, ila mabomba na nyaya zake si changa tena.

Mvua. Kusini tuna msimu mmoja, kuanzia Desemba hivi mpaka Aprili. Kwa bahati mbaya wakati mzuri wa kutafuta nyumba ni kiangazi, Julai na Agosti. Ifikapo Oktoba minada ya korosho imeanza, fedha zinazunguka mjini, wanunuzi na vibarua wanaingia, wanafunzi wa chuo nao wanarudi, na chumba kizuri hakimalizi siku mbili. Kwa hiyo unakagua paa wakati hakuna tone la mvua. Usihangaike na rangi mpya. Inua macho kwenye dari ya gipsam utafute miduara ya kahawia, kisha pembeni mwa ukuta chini utafute mstari wa matope ulioachwa na maji yaliyoingia. Kisha uliza kwa tukio ambalo kila mtu analikumbuka: Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipoleta mvua na upepo pwani yetu, humu ndani kulikuwaje? Kwa mitaa ya bondeni, na kwa Mikindani iliyo chini kando ya ghuba, muulize hata muuza duka wa jirani maji yalifika wapi mtaani. Wauza duka hawana cha kupoteza wakisema ukweli.

Umbali nitaupitia haraka. Nauli ya bajaji ya mchana isikudanganye. Ukiishi mbali, kama Naliendele au Mangamba, na unatoka kazini saa nne usiku, uliza bodaboda wa pale kijiweni usiku anachukua ngapi, zidisha kwa siku zako za kazi, ujumlishe kwenye kodi. Mara nyingi chumba cha bei rahisi kinapanda kikapita cha Ligula, mjini.

Sasa mkataba, na hapa nakusihi usione haya. Sheria iliyokuwa inadhibiti kodi za nyumba Tanzania ilifutwa mwaka 2005, kwa hiyo ulinzi wako mkubwa ni kile mlichoandika. Swali kuu ni nani hasa anayepangisha. Nyumba nyingi za zamani hapa ni za mirathi. Unalipa miezi sita kwa kaka mkubwa, mwezi wa tatu anakuja dada yao kutoka Newala na barua ya usimamizi wa mirathi, na yeye hakupokea hata senti. Uliza kwa upole: "Mzee, nyumba iko kwa jina la nani, na nikitaka kulipa benki akaunti itakuwa ya nani?" Majina yasipolingana, aeleze. Kama anasimamia kwa niaba ya mwingine, awe na maandishi. Hata mimi nikikuonyesha nyumba, nidai barua ya mwenye nyumba, sitachukia.

Mkataba uandikwe notisi ni ya muda gani kwa kila upande, kodi itapanda lini na kwa makubaliano gani, matengenezo yapi ni ya nani, na kodi uliyolipa mbele itarudishwaje mwenye nyumba akikuondoa kabla ya muda. Hicho cha mwisho ndicho kinachosahaulika kuliko vyote, ilhali ndicho kinachomlinda mtu aliyetoa kodi ya miezi sita au mwaka. Mkataba huo upelekeni mbele ya mtendaji wa mtaa ushuhudiwe. Pale pale, muulize mtendaji kama nyumba ina mgogoro unaojulikana. Mambo yakiharibika kabisa kuna Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, na huko watataka karatasi.

Dalali kwa kawaida huchukua kodi ya mwezi mmoja. Mlipe ukishakabidhiwa funguo, siyo ukishaonyeshwa mlango, na uulize mbele yake na mbele ya mwenye nyumba kodi ni kiasi gani, nyote watatu mkisikia takwimu moja.

Masharti ya ndani yaulize pia: geti linafungwa saa ngapi, mgeni analala, mkaa unaruhusiwa kwenye korido, pikipiki inalala wapi, zamu ya usafi na hela ya taka. Kama una mtoto mchanga au unafanya kazi zamu za usiku, uliza likizo za Juni na Desemba mtaa unakuwaje, maana ndiyo majira ya sherehe za jando na unyago na ngoma hukesha. Ni raha kubwa ukiwa umealikwa.

Siku ya kukabidhiwa, piga picha kila chumba, andikeni namba za mita ya maji na uniti zilizobaki kwenye LUKU, nyote wawili mweke saini. Na kama nyumba ilikaa wazi muda mrefu, mwombe mwenye nyumba anunue umeme wa kwanza yeye mwenyewe. Kodi ya jengo hujilimbikiza miezi ambayo hakuna aliyenunua umeme. Nyumba iliyofungwa miezi minane inadai 12,000, na yeyote atakayeingiza fedha kwenye mita hiyo ndiye atakayekatwa.