Kinachopimwa kwa fundi ujenzi ni ujuzi, si miaka

Miradi mikubwa siku hizi haimpokei fundi kwa sifa za mtaani tu, ndiyo maana mafundi waliojifunzia saiti wanafika kwa wingi vyuo vya VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi Tanzania, kuulizia urasimishaji wa ujuzi, yaani kupimwa na kupewa cheti kwa ujuzi walioupata kazini. Wengi huja na kauli moja: nimejenga miaka ishirini, nipeni cheti. Hapana. Mtu anaweza kurudia kosa moja miaka yote hiyo.

Utaratibu ni huu. Mwombaji hujaza fomu chuoni, akitaja kazi alizofanya na watu wanaoweza kuzithibitisha. Mpimaji humhoji, kisha humtazama akiwa kazini, na kila hatua hulinganishwa na viwango vya umahiri vya fani yake. Akionekana ana pengo, hufundishwa pengo hilo tu na kupimwa upya. Hakuna anayerudishwa kuanza moja, na kutomaliza sekondari si kizuizi. Tumelieleza hili mara nyingi, lakini bado tunaulizwa.

Kwenye kona na timazi mafundi wetu wako vizuri, wengine kuliko wanafunzi wa darasani. Shida iko kwenye zege. Fundi atakutajia 1:2:4 (saruji, mchanga, kokoto) bila kusita, halafu zege likianza kukaza anaagiza ndoo ya maji "lilainike", lishuke vizuri kwenye nguzo. Maji hayo ya ziada yakishakauka huacha vitundu, na nguvu ya zege hushuka. Au ringi, vyuma vinavyozungushwa kwenye nondo, zimefungwa kwa nafasi sahihi kabisa, lakini nondo za slabu zimelazwa juu ya mbao bila biskuti, vile vipande vya zege vya kuziinua. Chini yake zege halina pa kupita, na kutu huanzia hapo. Kumwagilia zege maji ili likomae nako huishia siku ya pili, wakati zinatakiwa angalau siku 7.

Kuhusu vishoka wanaouza vyeti: kughushi hati ni kosa chini ya kifungu cha 337 cha Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, na kifungo chake hufikia miaka 7. Anayewasilisha cheti hicho kwa mwajiri akijua ni cha kughushi hushtakiwa kwa kifungu cha 342, na hawezi kujitetea kwamba aliyekitengeneza ni mwingine.

Na cheti cha ufundi si usajili wa ukandarasi. Huo hutolewa na Bodi ya Usajili wa Makandarasi, chini ya Sheria Na. 17 ya 1997. Anayeendesha ukandarasi bila usajili anavunja sheria hata kama kuta zake zimenyooka.