Je, wajua kwa nini uvumi humwangusha mgombea uenyekiti wa mtaa au kitongoji haraka kuliko mgombea ubunge?

Sababu ya kwanza ni kalenda. Katika uchaguzi wa serikali za mitaa Tanzania Bara mwaka 2024, kampeni zilianza Novemba 20 zikaisha Novemba 26, na kesho yake watu wakapiga kura. Ni siku saba tu, na mikutano iliruhusiwa mchana, mwisho saa 12 jioni. Mgombea ubunge akichafuliwa, ana wiki kadhaa na redio ya kujibia. Wa kitongoji akichafuliwa usiku wa kuamkia siku ya mwisho, amebakiwa na mchana mmoja.

Halafu kura zenyewe ni chache. Kwenye kitongoji chenye wapiga kura mia tatu, watu ishirini wakibadili mawazo matokeo yanaweza kugeuka. Wala hakihitajiki kipaza sauti: neno linaanzia kwenye kikoba, linapita kijiweni, linafika msibani, na kundi la WhatsApp la mtaa linalimalizia. Kwa kuwa anayelisema ni jirani, halihojiwi.

Shutuma zinazouma ni zile zinazogusa kazi ya kila siku ya mwenyekiti. Yeye ndiye mwenye muhuri. Anayetaka barua ya utambulisho kwa ajili ya dhamana au kufungua akaunti benki huanzia kwake, na mauziano mengi ya viwanja hufanyika yeye akiwa shahidi. Ndiyo maana utasikia "huyu anauza muhuri", "aliuza eneo la wazi", "hela ya ulinzi shirikishi kaila". Uongo mtupu hufa mapema. Unaodumu ni wenye nusu ya ukweli ndani yake. Eneo la wazi kweli liliuzwa, ila aliyetia saini alikuwa mwenyekiti wa awamu iliyopita. Watu wanalikumbuka tukio, mwaka wameusahau.

Shutuma hatari kuliko zote ni "si mkazi wa hapa", kwa sababu hiyo inaweza kutoka kijiweni ikaingia ofisini. Ukaazi ni sifa ya mgombea, na orodha ya wapiga kura ya uchaguzi huu huandikishwa upya papo hapo mtaani, tofauti na daftari la kudumu linalotumika kumchagua rais na mbunge. Mpinzani huweka pingamizi kwa msimamizi msaidizi wa uchaguzi, na likikubaliwa mgombea anaenguliwa kabla hajapanda jukwaani. Anabaki na rufaa, nayo ina siku chache mno. Mwaka 2019 wagombea wengi wa upinzani walienguliwa hatua hii, mara nyingi kwa madai ya makosa kwenye fomu. Chadema na vyama vingine vikajitoa; serikali ilipotangaza kuwarudisha walioenguliwa, msimamo wao haukubadilika, na CCM ikazoa zaidi ya asilimia 99 ya viti vya vijiji. Uchaguzi wa namna hiyo unamnyima mwananchi nafasi ya kuchagua, hata kama kila karatasi iligongwa muhuri.

Kinga inaandaliwa kabla ya uteuzi. Mgombea ahakikishe jina lake limo kwenye orodha ya mtaa anaogombea, majina kwenye fomu yafanane herufi kwa herufi na ya vitambulisho vyake, na abaki na nakala ya kila ukurasa. Uvumi ukitokea, ajibu siku hiyohiyo, kwa karatasi, mbele ya watu walewale walioambiwa. Kosa la kawaida ni kupanda jukwaani na kuurudia uvumi wote neno kwa neno ili kuukana. Waliokuwa hawajausikia, sasa wameusikia.

Kumbana aliyekuwa mwenyekiti kuhusu fedha za umma si kumchafua, ni haki ya mpiga kura. Shutuma ya kweli huja na tarehe, kiasi na mahali pa kuihakiki. Kijijini, mkutano mkuu unapaswa kuitishwa kila baada ya miezi mitatu na kusomewa mapato na matumizi, na mihtasari yake hutunzwa na mtendaji. Anayesema fedha zimeliwa aulizwe ni za robo ipi, kisha muhtasari wa robo hiyo usomwe.