Aliyepunguzwa tumbo hahitaji ugali wala kulala kutwa

Huku Kisumu wengi tumekua tukiamini kwamba aliyetoka kupasuliwa alale tu, asiguse kazi, aletewe ugali na samaki ili nguvu zirudi. Imani hiyo imezaliwa na upendo. Ila kwa aliyekatwa sehemu ya tumbo ili apungue uzito, inaweza kumdhuru.

Tumbo linalobaki huwa dogo sana, mara nyingi kama mililita 100 hadi 150. Jaza kikombe cha chai hadi nusu uone: nafasi yote ndiyo hiyo. Kwa hiyo mgonjwa huanza na vinywaji, funda moja moja. Baadaye huja vyakula vilivyopondwa, kisha vilaini. Ugali husubiri wiki kadhaa. Tonge la mapema huleta maumivu na kutapika, na kidonda cha ndani bado kibichi.

Kulala kutwa nako huongeza hatari ya damu kuganda miguuni. Mtembeze uani polepole, mara kadhaa kwa siku.

Kabla ya kupika, soma karatasi aliyopewa akiruhusiwa kutoka, au mpigie simu muuguzi wa wodi. Akipata homa, moyo ukienda mbio, mguu mmoja ukivimba au pumzi ikikata, mrudisheni hospitalini papo hapo, hata kama ni usiku wa manane.