Mbona mafuta yagande kwenye njia panda?

Juzi hapa Kisumu nilikuwa nikimpima mzee mmoja shingo kwa ultrasaundi. Ateri, mshipa upelekao damu kichwani, ilikuwa safi kabisa mpaka pale inapogawanyika matawi mawili. Hapo, kivimbe cheupe kilikuwa kimejibanza ukutani. Mzee, jeli ingali shingoni, akauliza: "Daktari, damu si ni ile ile? Mbona mafuta yagande hapa tu?"

Swali hilo lingewatoa jasho wanafunzi wangu.

Mshipa umetandikwa ndani safu moja tu ya seli. Kwenye utando wa kila seli kuna protini zinazopapasa mwendo wa damu. Mojawapo ni PIEZO1, iliyotambuliwa mwaka 2010 na kundi la Ardem Patapoutian: ni kitundu kinachofunguka utando ukivutwa, kalisiamu ikaingia. Damu ikipita sawasawa, seli hutoa gesi iitwayo nitriki oksidi na ukuta hubaki telezi. Kwenye njia panda damu husuasua, pengine hata kurudi nyuma, na seli hizo hizo huanza kuchomoza kulabu.

Ukipita Kondele kwa pikipiki, hakuna makanga wa matatu atakayekugusa. Pita kwa miguu, kisha sitasita kidogo uone: wa kwanza atakuvuta mkono, wa pili ashanyakua mkoba wako, wa tatu anakusukuma ndani ya matatu. Chembe nyeupe za damu hufanyiwa vivyo hivyo. Kulabu ya kwanza, E-selektini, huidaka chembe kijuujuu, ikawa inabingirika ukutani. Ya pili, VCAM-1, huikaza isiondoke. Kisha PECAM-1, iliyo kwenye maungio ya seli, huipenyeza ndani. Huko chembe hula kolesteroli, yale mafuta aliyoyauliza mzee, mpaka ivimbe kama povu.

Na kolesteroli yenyewe ilifikaje huko? Nilifundishwa kwamba huvujia kwenye nyufa. Kumbe pia hubebwa: protini iitwayo SR-B1 huivusha kutoka upande wa damu hadi upande wa pili. Panya wasio na SR-B1 katika seli hizi mishipa yao haizibi sana kama ya wenzao. Habari hii ilinifurahisha kuliko inavyostahili, nakiri.

"Kwa hiyo kosa ni la njia panda, si la nyama choma?" mzee akadakia, akimtupia mkewe jicho.

Nikamwambia njia panda amezaliwa nayo, siwezi kuinyoosha. Kolesteroli ndiyo inayopunguzika, na sigara ndiyo inayozidisha kulabu. Nikamwandikia statini, dawa ya kupunguza kolesteroli. Mkewe ndiye aliyeipokea karatasi.