Mawimbi ya mvutano yanavyopima nadharia za mwanzo wa ulimwengu

Katika kutafuta gesi kama hii ya Mnazi Bay na Songo Songo, wataalamu hupeleka mitetemo ardhini na kusikiliza namna inavyorudi, kwa kuwa nuru haipenyi mwamba. Wanaochunguza mwanzo wa ulimwengu nao wana ukuta wao: kwa takriban miaka 380,000 baada ya Mlipuko Mkuu joto lilikuwa kali kiasi kwamba elektroni zilizotapakaa kila mahali ziliizuia nuru isisafiri mbali, na hakuna darubini ya nuru itakayouona moja kwa moja wakati ule. Mawimbi ya mvutano, yaani mitikisiko ya nafasi yenyewe, ambayo Albert Einstein aliyatabiri mwaka 1916, hupita humo karibu bila kuzuiliwa.

Wanafunzi wetu wa sekondari hapa Mtwara huuliza, na wana haki ya kuuliza, kama mawimbi hayo yapo kweli. Tarehe 14 Septemba 2015 mitambo miwili ya LIGO, nchini Marekani, iliyanasa. Katika kila mtambo mwali wa leza hugawanywa na kupelekwa kwenye mikono miwili yenye urefu wa kilomita 4, kisha vioo huurudisha ili urefu wa mikono ulinganishwe; siku ile tofauti ilikuwa ndogo kuliko sehemu moja ya mia ya kipenyo cha protoni. Lakini mawimbi hayo yalitoka kwenye mashimo meusi mawili yaliyoungana. Yale ya mwanzo wenyewe bado hayajathibitishwa.

Machi 2014 watafiti wa darubini ya BICEP2, Ncha ya Kusini, walitangaza kuwa wameona alama ya mawimbi hayo ya mwanzo katika nuru kongwe iliyobaki tangu ulimwengu ulipokuwa mchanga, alama inayotabiriwa na nadharia ya kutanuka kwa ghafla, isemayo kuwa mwanzoni kabisa ulimwengu ulitanuka kwa kasi kubwa mno. Mwaka 2015 uchambuzi wa pamoja na data za chombo cha angani cha Planck ulionyesha kuwa vumbi la galaksi yetu lilitosha kueleza sehemu kubwa ya walichokiona. Sioni aibu hapo, kwani vipimo vilivyofuata, ingawa navyo havikuiona alama hiyo, vimeshayaweka kando baadhi ya matoleo rahisi ya nadharia hiyo.

Mradi wa LISA wa Ulaya, unaotarajiwa kurushwa mwaka 2035 ukiwa na vyombo vitatu vilivyoachana kilomita milioni 2.5, utatafuta mawimbi ya wakati ulimwengu ulipokuwa na umri usiofika sehemu moja ya bilioni ya sekunde. Nadharia ya sasa ya chembe inasema badiliko la hali ya ulimwengu wakati ule, ulipokuwa ukipoa, lilikwenda taratibu, bila kuacha mawimbi makubwa. Yakipatikana, nadharia hiyo itakuwa imepungukiwa.