Kusi na kaskazi: mwaka wa kisiwani unavyohesabiwa

Jirani yangu hapa Pangani, Nairobi, ni mama wa kisiwa cha Lamu anayetukaangia mahamri. Ikifika Julai huvaa sweta mbili na kujitanda leso juu yake. Asubuhi moja nilimuuliza kwao saa hizi kuna baridi kiasi gani. "Mwanangu, kwetu sasa ni kusi," akasema, akageukia karai lake.

Nilidhani amelikwepa swali, kumbe amelijibu: kusi ni upepo. Sisi wa Nairobi mwaka tunaujua kwa baridi na mvua. Mtu wa kisiwani huujua kwa upepo, maana joto lake halibadiliki vya kutosha kumwambia ni mwezi gani.

Chukua Februari. Nairobi alfajiri ni kama nyuzi 13, na saa nane mchana 27. Siku moja tu, tofauti nyuzi 14! Lamu, wastani wa mwezi wenye joto zaidi ukiulinganisha na wa mwezi wenye baridi zaidi, tofauti haifiki hata nyuzi tano. Anayeamua hapo ni bahari. Kilo ya maji huhitaji joto kama mara tano ya kilo ya mchanga mkavu ili ipande uzi mmoja, na ikishapata moto haipoi upesi. Sisi tuko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na usiku usio na mawingu joto letu lote hupaa likaenda zake.

Usidhani basi kisiwani ni raha tupu. Hewa ya pale imejaa unyevu, jasho halikauki, na chumvi hugandamana ndani ya kopo. Nyuzi 30 za Lamu ni nzito kuliko 30 za Nairobi.

Tukirudi kwa upepo: kaskazi huvuma kutoka kaskazini mashariki, takriban Desemba hadi Machi. Ni majira ya jua kali na mvua chache, na ndio upepo ulioleta majahazi kutoka Uarabuni na Bara Hindi. Kusi hutoka kusini mashariki, hushika kuanzia Aprili au Mei hadi Septemba hivi, na ndiyo iliyoyarudisha makwao. Kati ya pepo hizi mbili kuna tanga mbili, upepo usipojua uelekee wapi. Mvua kubwa ya masika huja kusi inapoingia, na Lamu mwezi wa Mei ndio hulowa zaidi. Mvua ndogo za vuli huja kusi inapoondoka. Ukitazama vizuri, hata kaskazini na kusini ni majina ya pepo hizi yaliyoongezewa -ni.

Chanzo cha pepo hizi kiko mbali. Katikati ya mwaka bara la Asia hupata joto kali, hewa yake hupanda, na hewa ya baharini huvutwa kutoka upande wetu kwenda kujaza nafasi. Ifikapo Desemba Asia imepoa, mkondo unageuka.

Mwenendo huo wa miaka mingi ndio unaoitwa tabianchi, na wataalamu huuhesabu kwa wastani wa miaka 30. Hali ya hewa ni ya leo na kesho tu. Mvuvi anayeahirisha safari kwa sababu bahari imechafuka asubuhi hii anasoma hali ya hewa. Anayetengeneza chombo chake mwezi wa Juni, akijua kusi haitamruhusu kwenda mbali, anasoma tabianchi.

Kilichonishangaza ni kwamba wingu zito linalofunika Nairobi mwezi wa Julai ni kazi ya kusi hiyo hiyo. Hewa yenye unyevu huingia bara, hupanda nyanda za juu, hupoa, ikawa wingu. Nilimweleza jirani. Akageuza hamri, akafikiri kidogo.

"Basi joto lake imeliacha njiani, Mtito Andei."