Saa za samaki hazianzi kuhesabiwa uwanja wa ndege

"Ndege ya Mwanza hadi Dar ni kama saa moja na nusu tu, sato ataharibika lini?" Swali hili hunijia sana, hasa Desemba watu wanapokwenda nyumbani na kurudi. Kazi yangu ni usalama wa chakula, na jibu langu ni swali jingine: umeanza kuhesabu saa kuanzia wapi?

Samaki ametoka majini alfajiri. Amekaa mtumbwini, akashushwa mwaloni, akauzwa, akapanda bodaboda hadi kwa shangazi. Kisha uwanjani mnafika mapema kama mlivyoambiwa, boksi linapimwa, linawekwa kwenye kitoroli na kusubiri nje juani. Mkitua Dar kuna mkanda wa mizigo, halafu foleni ya Barabara ya Nyerere. Ukijumlisha yote, saa za angani ndizo chache kuliko zote. Na msijidanganye na baridi ya kule chini ya ndege. Sehemu ya mizigo si jokofu, na hakuna aliyewaahidi nyuzi joto fulani.

Bakteria wanaotusumbua hustawi kati ya nyuzi 5 na 60 za Selsiasi. Ushauri wa Shirika la Afya Duniani ni kwamba chakula kilichopikwa kisikae kwenye joto la kawaida zaidi ya saa mbili. Kwa hiyo mimi husafirisha vitu vya aina mbili tu: vilivyo baridi kwelikweli, au vikavu kiasi kwamba bakteria hana maji ya kunywa.

Tuanze na samaki, maana ndiye anayebebwa zaidi na ndiye anayeharibiwa zaidi. Mwanza niliwahi kumwambia muuzaji anipe wa leo. Akanitazama. "Kaka, hawa wa leo wameshinda juani. Hawa wa jana wamelala kwenye barafu. Chukua wa jana." Dada yule alikuwa sahihi kabisa. Samaki wa maji ya joto, kama sato na sangara, akiwekwa kwenye barafu mapema anaweza kukaa zaidi ya wiki mbili akiwa bado analika, kwa sababu vijidudu alivyotoka navyo ziwani vimezoea joto na baridi huvidumaza. Nusu siku ya jua, kinyume chake, hakuna barafu itakayoirudisha. Kwa hiyo usiulize amevuliwa lini, uliza ameonana na barafu lini.

Sasa hesabu ya barafu. Kushusha kilo 10 za samaki kutoka nyuzi 28 hadi sifuri kunahitaji barafu ya kilo 3 hivi, na hapo hatujagusa joto linalopenya kutoka nje. Ndiyo maana wavuvi makini hulinganisha: kilo ya samaki, kilo ya barafu. Ila kwenye ndege barafu huyeyuka, boksi hutoa maji, na kaunta hawatalipokea boksi linalochuruzika, wala siwalaumu, kwani maji ya samaki juu ya begi la mtu mwingine ni ugomvi.

Dawa yake ni kumgandisha samaki mwenyewe mpaka mfupani. Kilo 10 za samaki walioganda hivyo, kabla hazijayeyuka zote, humeza joto karibu sawa na kilo 7 za barafu, na hazitoi maji mpaka mwishoni kabisa. Toa matumbo na matamvua, osha, kausha, panga samaki mmoja mmoja bila kurundika, wape friza siku nzima au mbili. Friza ya nyumbani ikijazwa samaki kumi kwa mkupuo, wa katikati hubaki laini huku wa pembeni wakiwa mawe. Kisha wafungashe wakiwa wamebanana katika boksi jeupe la povu, uzibe mianya kwa magazeti na mfuniko kwa selotepu. Hewa inayozunguka ndani ya boksi ndiyo mwizi wa baridi.

Kuna barafu kavu pia, ile ya kabonidioksidi, yenye baridi ya nyuzi 78 chini ya sifuri. Kanuni za usafiri wa anga zinaruhusu abiria kilo 2.5 kwa idhini ya shirika la ndege, na boksi lazima liache gesi itoke. Ukiliziba kabisa umejitengenezea kitu cha kupasuka. Kwa safari za ndani sioni haja yake.

Samaki wa pwani wana jambo lao. Jodari, nguru na vibua wakikaa kwenye joto hutengeneza histamini, na hiyo haiondoki kwa kukaanga wala kuchemsha. Mtu anakula samaki asiye na harufu yoyote, dakika chache baadaye uso unawaka na kichwa kinagonga. Hao, kama hukuwaona wakitoka kwenye barafu, waache sokoni Feri.

Upande wa vikavu ndiko ninakopumzika. Senene wa Bukoba, ambao msimu wao mkubwa ni Novemba na Desemba, wakikaangwa mpaka wakalia mdomoni, wanasafiri vizuri kuliko wasafiri wengi. Kosa la kawaida ni kuwafungasha wakiwa bado wa moto, mvuke unageuka maji ndani ya kopo, na wiki ijayo wana ukungu. Waache wapoe kabisa kwanza. Ubuyu nao hauna neno.

Halwa ya Unguja ni darasa zima. Wanga, sukari, samli, iliki, na jiko la muda mrefu na mwiko usiopumzika. Sukari ile huyashika maji kiasi kwamba bakteria hawayapati ingawa ukiigusa unaona ni laini. Inakaa wiki kadhaa nje ya jokofu, na jokofu kwa kweli huiharibu, wanga unakakamaa. Kinachoiharibu mwisho ni samli kuanza kunuka uzee, kwa hiyo iepushe na jua na joto. Jamaa zetu wa Maskati wana halwa yao na bado huagiza ya Unguja; ugomvi wa ipi ni bora siuingii. Ila kwa safari ya nje iweke kwenye mzigo mkubwa. Ukaguzi wa abiria unaweza kuihesabu pamoja na vimiminika, na kwenye viwanja vingi kikomo bado ni mililita 100. Asali, achari na siagi ya karanga hukutwa na hayo hayo. Achari usiijaze hadi shingoni, kwa sababu shinikizo la hewa likishuka angani itatafuta njia ya kutoka.

Vitumbua na mkate wa kumimina nasikitika kuwakatisha tamaa. Mchele hubeba bakteria ambaye mbegu zake hustahimili moto, na sumu yake ikishatengenezwa haiondoki kwa kupasha. Ongeza tui la nazi, ongeza saa kumi na mbili za kuunganisha ndege Doha. Viliwe uwanjani, si kwa mwanao London.

Mipaka nayo ina mantiki yake, isiyohusu kuharibika. Umoja wa Ulaya haumruhusu abiria kutoka kwetu kuingia na nyama wala maziwa, na samli peke yake ni maziwa. Lakini samaki aliyetolewa matumbo anaruhusiwa hadi kilo 20, na asali kilo 2. Matunda yanahitaji cheti cha afya ya mimea, isipokuwa nanasi, nazi, ndizi, tende na duriani. Embe linanyang'anywa kwa sababu ya nzi wa matunda, yule wa Asia aliyegunduliwa Kenya mwaka 2003 na kusambaa kote. Marekani, tangaza kila kinacholiwa kwenye forodha. Ukitangaza, hasara yako ni kitu chenyewe. Ukificha, kuna faini juu yake.

Mkifika, fungueni boksi kabla ya salamu kuwa ndefu. Samaki akiwa bado ana chembe za barafu katikati, anarudi friza. Ameyeyuka lakini ni wa baridi kama maji ya jokofuni, apikwe leo. Ni vuguvugu, atupwe, hata kama shangazi ndiye aliyemtuma.